Majina Kwenye Vitabu vya Ubatizo: Jinsi Rekodi za Kanisa Zilivyofika Juba

Mwaka 1882 kijana wa Kidinka alibatizwa mjini Nottingham, Uingereza, na jina lake likaingia kwenye maandishi ya kanisa pamoja na watoto wa mafundi na vibarua wa mji ule. Kwao Bahr el Ghazal aliitwa Hatashil Masha Kathish. Wafanyabiashara ya watumwa walimteka akiwa mdogo. Alikombolewa wakati wa kampeni za Romolo Gessi, Mwitaliano aliyepambana na wafanyabiashara hao chini ya Charles Gordon, Gavana Mkuu wa Sudan, kisha akachukuliwa na mmisionari Charles Wilson wa Church Missionary Society, yaani CMS. Akabeba jina la mlezi wake na kujulikana kama Salim Wilson. Alihubiri katika miji ya kaskazini ya Uingereza, akaoa hukohuko, na akafariki Scunthorpe mwaka 1946.

Mtu wa ukoo wake anayeishi Juba leo akitaka kufuatilia maisha yake ya ugenini, maandishi yapo: ubatizo, ndoa, kifo. Akitaka kujua habari za ndugu waliobaki nyumbani mwaka huohuo wa 1882, hapati hata mstari mmoja. Walikuwepo, majina yao yalijulikana, na wazee waliweza kuwataja baba na babu zao hadi vizazi vingi nyuma. Ila hakuna aliyeandika. Namna uandishi huo ulivyoanza Ulaya, ukapanda mto Nile, ukasambaratishwa na vita na kurudi tena, ni sehemu ya historia ya Sudan Kusini ambayo familia nyingi za Juba zinaihitaji kuliko zinavyodhani.

1538–1837: Sanduku lenye funguo mbili

Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia ya Uingereza iwe na kitabu. Kila Jumapili padri aandike humo ubatizo, ndoa na maziko yote ya wiki iliyopita, na kitabu kihifadhiwe ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Wananchi walinung'unika. Wengi waliamini mfalme anatafuta njia mpya ya kuwatoza kodi, na si ajabu parokia nyingi zilichelewa kutii.

Amri mbili za baadaye ndizo zilizoviokoa vitabu hivyo. Mwaka 1598 iliamriwa kwamba maandishi ya karatasi yanakiliwe kwenye ngozi, na kwamba kila mwaka parokia ipeleke nakala kwa askofu. Kanisa likiungua, nakala iko kwa askofu; panya wakiila nakala ya askofu, kitabu kipo kanisani. Kisha sheria ya ndoa ya 1753 ikawataka bwana na bibi harusi watie saini zao au alama. Tangu mwaka 1813 zikatumika fomu zilizochapishwa, na Julai 1837 serikali ikaanza kusajili yenyewe vizazi, ndoa na vifo. Kwa hiyo Mwingereza wa leo anayefuata nasaba yake hutumia vyeti vya serikali hadi 1837, na akivuka hapo kurudi nyuma anategemea karibu kabisa mwandiko wa mapadri.

Upande wa Wakatoliki uamuzi ulitoka kwenye Mtaguso wa Trento. Mwaka 1563 mtaguso huo uliagiza maparoko waweke vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na mwaka 1614 kitabu cha liturujia cha Roma kikatoa mfano wa jinsi ya kuandika kila rekodi, pamoja na ya vifo. Mfano huo mmoja ulitumika Verona, Ljubljana na Lima. Ndio uliofika pia kwa Wabari, wenyeji wa eneo la Juba.

1846–1862: Gondokoro

Papa Gregori XVI alianzisha Vikarieti ya Afrika ya Kati mwaka 1846, ikiwa na makao yake Khartoum. Ignacij Knoblehar, padri Mslovenia ambaye watu wa Khartoum walimwita Abuna Suleiman, alipanda Nile Nyeupe na kufika nchi ya Wabari mapema mwaka 1850. Mwenzake Angelo Vinco, kutoka Verona, alirudi akaishi miongoni mwa Wabari, akajifunza lugha yao, na akafia huko Januari 1853. Mwezi huohuo Knoblehar alianza kujenga kituo Gondokoro, ukingo wa mashariki wa mto, mwendo mfupi kutoka ilipo Juba ya leo.

Kituo hicho hakikudumu. Homa iliwaua wamisionari mmoja baada ya mwingine, na wafanyabiashara ya pembe na watumwa waliivuruga nchi kiasi kwamba Wabari walikuwa na sababu nzuri ya kumwogopa kila mgeni aliyeshuka kwenye mashua. Knoblehar alifariki Naples mwaka 1858. Samuel Baker alipofika Gondokoro mwaka 1863 aliyakuta magofu ya matofali na milimau iliyoachwa bila mtunzaji.

Watu waliobatizwa katika miaka hiyo walikuwa wachache, na wengi wao ni watoto. Hata hivyo wachache hao wana habari zilizoandikwa, jambo ambalo majirani zao hawakulipata. Kijana Mbari Franz Xaver Logwit lo Ladu alipelekwa hadi Brixen, milimani Tirol, ambako alimsaidia padri Johannes Mitterrutzner kuandaa kitabu cha lugha ya Kibari kilichotoka mwaka 1867. Jina lake linafaa kutazamwa kwa makini. Sehemu ya kwanza ni ya mtakatifu aliyepewa siku ya ubatizo, ya pili ni yake mwenyewe, na ya tatu inamtaja baba. Hadi leo majina ya Juba yamejengeka hivyo.

1881–1898: Miaka ya Mahdi

Vuguvugu la Mahdi, kiongozi wa Kiislamu aliyeasi utawala wa Misri, lilizifuta misheni za Sudan. Wamisionari walitekwa, Khartoum ikaanguka Januari 1885, na kazi ya kanisa ikahamia Misri. Wasudani Wakristo wa kipindi hicho hupatikana katika rekodi za ugenini. Daniel Sorur Pharim Deng, Mdinka aliyeutoroka utumwa na kupokelewa na mmisionari Daniele Comboni, alipewa upadri mwaka 1887. Bakhita wa Darfur, naye aliyetekwa utumwani, alibatizwa Venice tarehe 9 Januari 1890 na kupewa jina la Giuseppina.

Rekodi ya Bakhita inaonyesha kikomo cha rekodi zote za aina hii. Utekaji ulikuwa umemsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Padri wa Venice angeandika nini mahali pa jina la baba? Kitabu huhifadhi kile ambacho mtu amebakiwa nacho siku anapofika mbele ya mwandishi, na kwa waliokuwa watumwa nasaba ya maandishi huanzia hapo, bila mzazi.

1900–1955: Ukurasa unavyofanya kazi

Baada ya Waingereza na Wamisri kuitwaa Sudan mwaka 1898, serikali iliyagawia makanisa maeneo ya kufanyia kazi ili yasigombane. Wapresbiteri wa Marekani walifungua kituo Doleib Hill mwaka 1902, CMS wakaingia Malek karibu na Bor chini ya Archibald Shaw, na Wakomboni, ambao wengi waliwajua kama Mapadri wa Verona, wakafungua Lul kwa Washiluki mwaka 1901 na Wau mwaka 1905. Baadaye zikafuata Mupoi, Rejaf na Torit kwa Wakatoliki. Kwa Waanglikana wa CMS zikafuata Yei, Lui na Juba. Mgawanyo ule ungali na faida kwa anayetafuta ukoo wake. Akijua kijiji cha babu, kwa kawaida anaweza kukisia ni kanisa gani lililombatiza, na kwa hiyo ni kitabu gani cha kuulizia.

Juba yenyewe ilikuwa kituo kidogo hadi serikali ilipohamishia hapo makao ya Mkoa wa Mongalla mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu wa Rejaf, Yei, Torit na Bor wakaja kutafuta kazi, na parokia za mji zikaanza kuandika watu wa makabila mbalimbali katika kitabu kimoja.

Ukurasa wa kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki cha wakati ule umeandikwa kwa Kilatini. Una namba ya mstari, tarehe ya ubatizo, jina la mtoto, tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, msimamizi, na saini ya padri. Pembeni pameachwa nafasi tupu, na hiyo ndiyo inayoifanya rekodi ya Kikatoliki iwe na thamani ya pekee. Mtu akipata kipaimara, akifunga ndoa au akipewa upadri, hata kama ni katika parokia ya mbali, taarifa hutakiwa irudishwe kwenye parokia aliyobatizwa na kuandikwa pale pembeni. Mstari mmoja wa mwaka 1935 unaweza kubeba maisha ya mtu kwa miaka 40 inayofuata. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilidai pia nakala ya vitabu ipelekwe makao ya jimbo kila mwaka, kama vile maparoko wa Uingereza walivyoagizwa mwaka 1598.

Mapadri wengi walitoka Italia, na alama yao imebaki kwenye majina. Saturnino Ohure, padri aliyeongoza siasa za ukombozi. Ireneus Dud, aliyekuwa askofu mwaka 1955. Paolino Lukudu Loro, Askofu Mkuu wa Juba kuanzia 1983 hadi 2019: majina yao ya kwanza yanaonyesha kanisa lililowabatiza. Kwa familia za Kianglikana mara nyingi mtu hukutana na majina ya Biblia kwa namna ya Kiingereza. Katika maeneo ya CMS, ubatizo wa mtu mzima ulikwenda sambamba na kujifunza kusoma, kwa hiyo mwaka wa ubatizo unaweza kudokeza pia mwaka aliopita darasani.

Ugumu upo, na ni mkubwa. Wabari huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, hivyo katika kijiji kimoja wanaweza kuwepo akina Lado, Wani, Pitia, Poni na Kiden wengi wa rika moja. Wadinka hutumia rangi za ng'ombe, na Majok hawana idadi. Hakuna jina la ukoo linalorithiwa kwa namna ya Kizungu. Mtoto hubeba jina la baba, kisha la babu, na kila kizazi mnyororo unasogea. Padri Mwitaliano naye aliandika alivyosikia, leo Ladu, kesho Lado. Tarehe za kuzaliwa za watu wazima zilikuwa za kukadiria. Anayetafuta kwa jina peke yake atapotea; inabidi ashike kwa pamoja jina la baba, la mama, la kijiji na la msimamizi, ambaye mara nyingi alikuwa katekista wa eneo hilo.

Jina la mama lina uzito wake. Nasaba za kusimuliwa za Wadinka, Wabari na jirani zao hupita kwa wanaume: mzee atakutajia baba, babu, baba wa babu, hadi shina la ukoo, lakini wake na mabinti huachwa njiani. Kitabu cha ubatizo kilimdai kila mtoto jina la mama yake. Wamisionari hawakukusudia kuandika historia ya wanawake wa kusini mwa Sudan, ila waliiandika, mstari baada ya mstari, na kwa wanawake wengi wa kizazi kile hayo ndiyo maandishi pekee yaliyowataja maishani.

1964: Mwaka wa kufukuzwa

Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956, serikali ya Khartoum iliziona misheni za kusini kuwa kiini cha upinzani. Shule zao zilitaifishwa, mapumziko ya Jumapili yakahamishiwa Ijumaa mwaka 1960, na Sheria ya Vyama vya Wamisionari ya 1962 ikaibana kazi yao yote. Mwishoni mwa Februari 1964 serikali ikaamuru wamisionari wote wa kigeni waondoke kusini. Zaidi ya 200 walisafirishwa katika wiki zilizofuata.

Parokia zikabaki mikononi mwa mapadri wazalendo wachache na makatekista wao. Mwaka uliofuata, Julai 1965, wanajeshi waliua raia Juba na Wau, na watu wakakimbilia porini, Uganda na Kongo. Makanisa yaliharibiwa na vituo vikatelekezwa. Katika hali hiyo, kitabu kilichosalimika kilisalimika kwa sababu kuna mtu aliyekitanguliza mbele ya mali yake.

Vitabu vya namna hii vina thamani kwa nchi nzima pia. Mwaka huohuo wa 1964, Peter Laslett na Tony Wrigley walianzisha Cambridge kikundi cha kuchunguza historia ya idadi ya watu. Watu wa kawaida waliojitolea, kila mmoja katika eneo lake, waliisaidia kazi hiyo kwa kuhesabu ubatizo, ndoa na maziko kutoka vitabu vya parokia 404. Mwaka 1981 Wrigley na Roger Schofield wakachapisha historia ya wakazi wa Uingereza kuanzia 1541. Vitabu vilivyoshukiwa kuwa mtego wa kodi viligeuka kuwa msingi wa elimu ya nchi nzima. Uganda nako, Felix Meier zu Selhausen na Jacob Weisdorf wametumia rekodi za ndoa za Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, kupima jinsi kusoma na kuandika kulivyoenea kwa wanaume na wanawake tangu mwisho wa karne ya 19, kwa kuangalia tu nani alitia saini na nani aliweka alama.

1972–2005: Ukoo uliotawanyika

Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, uliomaliza vita vya kwanza vya wenyewe kwa wenyewe, ulileta miaka 11 ya utulivu. Wakimbizi walirudi, parokia zikafufuliwa, na Desemba 1974 Roma ikaipandisha Juba kuwa Jimbo Kuu. Serikali ya mkoa wa kusini nayo ilianza kukusanya nyaraka za utawala, na mwanahistoria Douglas Johnson alihusika na kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vilipozuka tena mwaka 1983 nyaraka hizo ziliachwa zikihamishwa huku na huko, na baadaye sehemu yake ikawekwa ndani ya hema mjini Juba.

Kwa upande wa ubatizo, vita hivi vya pili viliutawanya ukoo mmoja katika vitabu vya nchi nne au tano. Mtoto wa kwanza amebatizwa Kator, mtaa wa Juba lilipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa. Wa pili Khartoum, katika kituo cha waliohamishwa. Wa tatu Adjumani au Arua, nchini Uganda. Wa nne Kakuma, kambi iliyofunguliwa Kenya mwaka 1992 na yenye parokia ya Wasalesiani. Kule Bor, chini ya Askofu Nathaniel Garang, maelfu ya Wadinka walibatizwa katikati ya vita, katika wimbi la uongofu ambalo wamisionari wa Malek hawakuliona enzi zao.

Hapa ndipo nidhamu ya maandishi ya pembeni inapovunjika. Paroko wa Kakuma angetumaje taarifa ya ndoa kwenye parokia iliyozingirwa na jeshi?

2011 hadi leo: Karatasi ya uraia

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na swali la nasaba likawa la kisheria. Sheria ya Uraia ya mwaka huo inampa haki mtu ambaye mzazi, babu, bibi au mzazi wao alizaliwa nchini, upande wa kiume au wa kike, au aliye wa mojawapo ya jamii za asili za nchi. Kuthibitisha hayo kwa karatasi ni kazi nyingine. Uchunguzi wa kaya wa 2010 ulionyesha kuwa ni karibu theluthi moja tu ya watoto wa chini ya miaka 5 waliosajiliwa. Wengi huthibitisha umri kwa cheti cha makadirio kutoka kwa daktari, na ukoo kwa ushahidi wa ndugu. Ndiyo maana watu wengi wa kizazi kizima wana siku moja ya kuzaliwa kwenye vitambulisho vyao: tarehe 1 Januari. Bunge lilipitisha Sheria ya Usajili wa Raia mwaka 2018.

Kwa hiyo cheti cha ubatizo bado kina kazi. Kimeandikwa karibu na siku ya tukio, na mtu asiye na maslahi katika ombi la uraia litakalokuja miaka 50 baadaye, na kinataja wazazi wote wawili. Hakiwezi kuchukua nafasi ya usajili wa serikali, kwa sababu kinamwacha nje Mwislamu na mfuasi wa dini za jadi, na taifa haliwezi kujengwa juu ya vitabu vya kanisa peke yake. Lakini kwa mamilioni waliobatizwa, ni ushahidi ulio jirani kabisa.

Vita vilivyoanza Desemba 2013 vilikumbusha jinsi ushahidi huo ulivyo dhaifu. Malakal na Bor ziliporwa na kuchomwa, makanisa yakiwemo. Nyaraka za taifa zilizokuwa hemani zimepigwa picha kwa sehemu, kwa ushirikiano wa wizara ya utamaduni na Rift Valley Institute, na picha haziliwi na mchwa. Maandishi ya wamisionari yaliyokwenda Ulaya yako salama, ya Wakomboni Roma na ya CMS Birmingham. Vitabu vya ubatizo ambavyo parokia nyingi bado zinavitumia kila wiki havina ulinzi huo. Viko kabatini, kwenye joto na unyevu wa Juba, vikishikwa na mikono mingi, na vingine havina nakala popote.

Kazi ya kuvinusuru haihitaji mitambo mikubwa. Simu yenye kamera nzuri, kijana mwenye subira na ruhusa ya paroko vinatosha kupiga picha kitabu kizima, na nakala ikahifadhiwa jimboni kama sheria ya Kanisa ilivyotaka tangu zamani. Busara inadai pia kurasa hizo zisianikwe hovyo mitandaoni, kwa kuwa zina siri za watu walio hai, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa na wale ambao jina la kabila linaweza kuwahatarisha. Parokia za Kator, Rejaf, Yei na Torit zinaweza kuanza bila kusubiri mradi wa wafadhili.

Familia nazo zina sehemu yao. Waliobatizwa kabla ya wamisionari kufukuzwa mwaka 1964 sasa wote wamepita miaka 60, na wao ndio wanaokumbuka ni kituo gani walipelekwa, katekista alikuwa nani, na msimamizi alitoka kijiji gani. Wao waulizwe kwanza, majibu yaandikwe, na ndipo paroko aombwe kufungua kabati.